Mfuko wa fahirisi unanunua bila kuchagua: bei ya hisa moja moja inaguswaje? (Uzi mrefu)

Jicho la Soko (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mada ya mifuko ya fahirisi inapofunguliwa hapa tunagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema mifuko hii haiigusi hisa yoyote kwa namna ya pekee, maana inanunua kila kitu kwa uwiano. La pili linasema mifuko imeua soko na bei zote sasa ni hewa tupu. Nimelifuatilia jambo hili miaka mingi, na limewahi kunigharimu pesa yangu mwenyewe. Naona makundi yote mawili yanamkazia macho anayenunua tu. Leo nataka tumtazame anayeuza, kwa sababu huko ndiko jibu lilikojificha.

Kwa wageni, kwa ufupi. Fahirisi ni orodha ya hisa yenye kanuni ya kuipa kila kampuni uzito wake. S&P 500 ya Marekani, iliyoanza kuwa na kampuni 500 mwaka 1957, hupima uzito kwa thamani ya hisa zilizo huru kuuzwa sokoni. Mfuko wa fahirisi unanunua orodha hiyo nzima kama ilivyo. John Bogle wa Vanguard alipofungua wa kwanza kwa wawekezaji wa kawaida mwaka 1976, alitarajia kukusanya dola milioni 150, akaambulia kama milioni 11. Kufikia mwisho wa 2023, huko huko Marekani, mifuko ya aina hii ilikuwa imeipita kwa jumla ya mali ile mifuko ambayo mameneja wake huchagua hisa. Meneja wa mfuko wa fahirisi hapekui hesabu za kampuni wala hajali kama bei ni ghali. Ana kazi moja tu: alete faida ile ile iliyoletwa na fahirisi, isipungue wala isizidi.

Sasa nianze na kosa ninalolisoma karibu kila wiki: "Hisa ikipanda, uzito wake unaongezeka, kwa hiyo mfuko unalazimika kuinunua zaidi, inapanda tena." Sivyo. Chukua fahirisi yenye kampuni mbili, A yenye thamani ya 900 na B yenye thamani ya 100. Mfuko wenye 10 umeweka 9 kwa A na 1 kwa B. Kesho B inapanda maradufu, inafika 200. Kwenye fahirisi, B imetoka asilimia 10 hadi 18 na ushee, yaani 200 kati ya 1,100. Ndani ya mfuko, ile 1 imekuwa 2, na jumla imekuwa 11. Mbili kati ya kumi na moja ni asilimia ile ile 18 na ushee. Meneja hakugusa kitu. Bei yenyewe ndiyo iliyomfanyia marekebisho.

Basi mfuko unaingia sokoni lini? Pesa mpya zinapoletwa au wenye pesa wanapozitoa. Orodha inapobadilika, kampuni moja ikaingia na nyingine ikatoka. Na idadi ya hisa za kampuni inapobadilika: kampuni ikitoa hisa mpya mfuko unanunua, ikinunua hisa zake yenyewe na kuzifuta mfuko unauza. Siku nyingine zote mfuko umekaa kimya na hisa zake.

Mlango wa orodha kubadilika ndio unaoonekana wazi zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo.

Desemba 1999 Yahoo iliingia S&P 500. Kati ya siku ya tangazo na siku ya kuingia zilipita siku tano za soko tu, na hisa ikapanda asilimia 64. Ndani ya siku tano hizo Yahoo haikuwa imebuni kitu kipya. Kilichotokea ni kwamba mifuko yote ya S&P 500 ilihitaji hisa zake kwa pamoja, huku sehemu kubwa ya hisa ikiwa mikononi mwa waanzilishi na wabia wa muda mrefu ambao hawakuwa na haraka ya kuuza. Anayenunua amelazimika, anayeuza hana shida. Hapo bei haina budi kupanda hadi mtu fulani akubali kuachia.

Halafu kuna Tesla. Julai 2020 ilitimiza sharti la kuonyesha faida ya jumla kwa robo nne mfululizo, na watu wakaanza kuinunua wakijua mifuko iko njiani. Mwanzoni mwa Septemba kamati ya S&P ikatangaza kampuni nyingine, Tesla haimo. Siku ya kwanza ya soko baada ya hapo, tarehe 8, hisa ilianguka asilimia 21. Soko zima la teknolojia lilikuwa linashuka siku hiyo, lakini si kwa kiasi hicho. Tarehe 16 Novemba ikatangazwa rasmi kwamba itaingia Desemba. Siku ya tangazo soko lilifunga ikiwa kama dola 408. Ijumaa ya tarehe 18 Desemba, siku ya mwisho ya mifuko kununua, ilifunga dola 695. Siku hiyo moja zilibadilishana mikono zaidi ya hisa milioni 200, na mahitaji ya mifuko ya fahirisi yalipita dola bilioni 80. Hadi siku hiyo haikuwa imewahi kuingia kampuni kubwa kiasi hicho kwenye S&P 500. Jumatatu, siku yake ya kwanza ndani ya fahirisi, ikashuka zaidi ya asilimia 6.

Niulizeni sasa.

---

Mwana wa Mizani

Mkuu, asante kwa hesabu ya A na B, nilikuwa na kosa hilo hilo kichwani. Ila nina mashaka. Kampuni inaingizwa kwenye fahirisi kwa sababu imekua, ina faida, inaaminika. Huoni kwamba bei inapanda kwa sababu watu wamepata habari njema kuhusu kampuni, si kwa sababu ya mifuko?

---

Jicho la Soko

Swali zuri, na wasomi waligombana kwa ajili yake. Mwaka 1986 zilitoka kazi mbili. Andrei Shleifer aliona hisa zinazoingia S&P 500 zikipanda kama asilimia 3 siku ya tangazo, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo kubaki. Harris na Gurel waliona kupanda kwa kiasi kama hicho, lakini kwa hesabu zao karibu chote kiliyeyuka ndani ya wiki mbili. Mwaka ule ule, soko lile lile.

Njia ya kuimaliza hoja yako ni kutafuta mabadiliko ambayo hayasemi lolote kuhusu ubora wa kampuni. Yapo. Julai 2002 S&P iliamua kwamba fahirisi ya 500 iwe ya kampuni za Marekani peke yake, ikaziondoa saba za nje, zikiwemo Royal Dutch na Unilever. Mafuta hayakupungua visimani na sabuni haikuacha kuuzwa. Aliyebadilika ni mmoja tu: mifuko iliyokuwa imekamata hisa zao ilitakiwa kuziachia. Hisa zikashuka.

Kanada nako, Novemba 1996, soko la Toronto lilibadilisha namna ya kuhesabu hisa zilizo huru. Kampuni 31 zikaongezewa uzito kwenye fahirisi ya TSE 300. Mabadiliko ya kanuni ya hesabu tu, tena yaliyojulikana mapema. Kaul, Mehrotra na Morck walipozichunguza walikuta zimepanda kama asilimia 2.3, na hazikurudi chini baadaye.

Kwa hiyo ndiyo, habari njema huchangia mara nyingine. Lakini hata ukiiondoa kabisa habari, msukumo wa mahitaji peke yake unabaki na unapimika.

---

Karani wa Dawati

Nimeingia hapa kwa sababu niliwahi kukaa kwenye dawati la kununua na kuuza la mfuko wa fahirisi, na nadhani watu hawaelewi kwa nini tunanunua dakika ya mwisho wakati kila mtu anatuona tunakuja.

Fahirisi inaiingiza kampuni kwa bei ya kufunga ya siku iliyopangwa. Tuseme bei hiyo ni 695. Ukiwa umenunua asubuhi kwa 700, umeiharibia fahirisi yako, mfuko uko nyuma. Ukiwa umenunua kwa 690, mfuko uko mbele, na watu wa nje watafurahi. Lakini bosi wako atakuuliza swali lile lile katika hali zote mbili: kwa nini umepotoka? Anajua kwamba anayeweza kupatia kwa 5 anaweza kukosea kwa 5. Kwa hiyo salama yako ni oda ya bei ya kufunga.

Siku ya mabadiliko makubwa dawati linanyamaza kabisa. Oda zimeshapakiwa tangu mchana, mmezikagua mara tatu, hesabu ya hisa kwa hisa. Dakika chache kabla ya saa kumi jioni za New York soko linaanza kutangaza ni upande upi umezidi, wanunuzi au wauzaji, na kwa hisa ngapi. Unaona namba kubwa ya wanunuzi kwenye ile hisa inayoingia. Halafu taratibu inaanza kupungua, maana wauzaji waliokuwa wameisubiri wanajitokeza. Saa kumi inagonga, mnada wa kufunga unapita kwa bei moja, na mzigo wa mabilioni umeshabadilishana mikono.

Wale wauzaji waliojitokeza ndio unaowazungumzia, Jicho. Ni watu walionunua tangu siku ya tangazo, wengine hata kabla yake kwa kukisia, na wametuletea mzigo pale pale tulipouhitaji. Walilipwa kwa huduma hiyo, na waliowalipa ni wenye mfuko, yaani wananchi wenye akiba zao mle. Gharama hii huioni kwenye karatasi ya ada.

---

Jicho la Soko

Karani, ubarikiwe. Nimesoma mengi lakini hayo ya ukimya wa dawati sikuwahi kuyakuta popote.

Na hapa niseme lililonikuta mimi. Miaka ya nyuma nilisikia kampuni moja inaingia kwenye fahirisi kubwa. Nikanunua asubuhi ya siku yenyewe ya kuingia, nikijiambia mifuko inakuja jioni, itaipandisha. Mpaka jioni ilikuwa imepanda kidogo. Nikaamua kuishikilia, nikiamini sasa ni hisa ya wakubwa. Wiki mbili zilizofuata ilishuka karibu kila siku. Ilinichukua muda kuelewa kwamba wale wote waliotangulia walikuwa wamesubiri ile saa kumi ili wauze, na mimi nilikuwa nimejipanga kwenye foleni ya wanunuzi. Hakuna aliyenidanganya. Sikuuliza anayeniuzia ni nani, basi.

---

Bahari Tulivu

Naomba kuuliza kwa heshima. Kama kila mtu anajua mchezo huu, kwa nini faida yake haijaisha? Pesa ikiwa wazi barabarani si huokotwa?

---

Jicho la Soko

Imeokotwa, dada, kwa kiasi kikubwa. Robin Greenwood na Marco Sammon wameipima: miaka ya 1990 hisa iliyoingia S&P 500 ilipanda kwa wastani wa zaidi ya asilimia 7, na muongo wa 2010 wastani huo ukashuka chini ya asilimia 1. Hii ni ajabu ukifikiria kwamba ndani ya kipindi hicho mifuko imenenepa mara nyingi. Kwa akili ya kawaida, mnunuzi mkubwa zaidi angepaswa kusukuma bei zaidi.

Sababu moja ni hiyo ya Karani: wanaotangulia wamekuwa wengi na wana mitaji mikubwa, wanakisia mapema nani ataingia, mzigo unakuwa tayari umeandaliwa. Lakini sababu ninayoipenda mimi ni nyingine, na ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu.

S&P ina ndugu wadogo wa fahirisi ya 500. Yupo MidCap 400 wa kampuni za kati, na SmallCap 600 wa kampuni ndogo. Siku hizi kampuni nyingi zinazoingia 500 zinapanda ngazi kutoka MidCap 400. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, mifuko ya 500 inatakiwa kununua na mifuko ya 400 inatakiwa kuuza. Muuzaji wa lazima amekutana na mnunuzi wa lazima. Mzigo unatoka mfuko huu unaingia mfuko ule, mara nyingine ndani ya kampuni moja ya uwekezaji, na bei haina sababu kubwa ya kutikisika.

Sasa rudini kwa Tesla na Yahoo. Zote mbili ziliingia moja kwa moja kutoka nje, hazikupitia 400. Hapakuwa na mfuko wa ndugu mdogo wa kuwauzia. Wauzaji wote ilibidi washawishiwe kwa bei.

---

Ngazi kwa Ngazi

Hapo umenifungua. Lakini basi kampuni inayoshuka ngazi, kutoka fahirisi ya wakubwa kwenda ya wadogo, si inapaswa kuanguka vibaya?

---

Jicho la Soko

Wengi hudhani hivyo, na fahirisi za Russell zinaonyesha kinyume chake. Russell 1000 ni ya kampuni kubwa 1,000 za Marekani, Russell 2000 ni ya 2,000 zinazofuata. Kwa miaka mingi orodha zilipangwa upya mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Juni.

Fikiria kampuni iliyo nafasi ya 995. Ndani ya Russell 1000 ni mkia kabisa, uzito wake ni punje, na mifuko inayoifuata haihitaji hisa zake nyingi. Ikishuka hadi nafasi ya 1,005 inakuwa miongoni mwa kichwa cha Russell 2000. Uzito wake unaruka mara nyingi zaidi, na pesa nyingi zinafuata fahirisi hiyo. Kwa hiyo kampuni iliyopungua thamani, ikashushwa daraja, inajikuta ina wanunuzi wa lazima wengi kuliko jana. Chang, Hong na Liskovich walichapisha mwaka 2015 utafiti ulioonyesha hivyo hasa: zilizoshuka kuingia 2000 zilipanda bei, na zile zilizopanda kuingia 1000 zikashuka.

Nikimfundisha mtu mada hii huanza na mfano huu. Ukiushika, huwezi tena kusema "kuingia fahirisi kubwa ni baraka" bila kupiga hesabu ya uzito.

---

Mto Usiokauka

Mbona mnazungumzia Marekani tu? Japani kuna kisa kinachouma zaidi. Nikkei 225 haipimi kwa thamani ya kampuni, inapima kwa bei ya hisa moja. Hisa yenye bei kubwa inabeba uzito mkubwa hata kama kampuni si kubwa kihivyo.

Aprili 2000 waliondoa kampuni 30 kwa mpigo na kuingiza 30 mpya, nyingi zikiwa za teknolojia zenye hisa ghali. Zilizoingia zikapanda, zilizotoka zikaanguka. Mpaka hapo ni kawaida. Lakini zile 195 ambazo hazikuguswa nazo zikashuka, kwa sababu mifuko ilihitaji fedha ya kununulia zile ghali, na fedha ikatolewa kwa kuuza sehemu ya zilizobaki. Kampuni imekaa kwake, haijaingia wala kutoka, na bado imelipia ugeni wa wengine.

Halafu tangu 2010 Benki Kuu ya Japani yenyewe ikawa inanunua mifuko ya fahirisi, na sehemu ya mifuko hiyo ilifuata Nikkei. Fast Retailing, wenye maduka ya Uniqlo, walikuwa na uzito mkubwa kupita kiasi kwenye Nikkei kwa sababu ya bei ya hisa yao, na sehemu kubwa ya hisa zao imeshikwa na mwanzilishi. Mnunuzi asiyechoka, hisa huru chache. Machi 2021 Benki ilipotangaza kwamba sasa itanunua mifuko ya TOPIX pekee, ambayo inapima kwa thamani ya soko, hisa ya Fast Retailing ilishuka siku hiyo hiyo.

---

Jicho la Soko

Mto, kisa cha zile 195 nilikuwa nimekisahau kabisa, asante kwa kukileta. Kinaonyesha hata kanuni ya uzito ina mkono kwenye bei. Kanuni ya thamani ya soko ndiyo isiyosumbua sana, kama tulivyoona kwa A na B.

---

Shahidi wa Bei

Naheshimu mnayosema, lakini mnapoteza muda na siku za kuingia na kutoka. Tatizo kubwa ni pesa inayomiminika kila mwezi bila kuuliza bei. Mwaka 2019 Michael Burry, aliyeiona mapema hatari ya mikopo ya nyumba kabla ya 2008, alifananisha mifuko hii na zile dhamana za mikopo zilizolipuka wakati ule. Alisema inaondoa kazi ya kutafuta bei ya kweli. Nani leo anayepima kampuni? Wote wanapanda basi moja.

---

Jicho la Soko

Shahidi, nusu ya hoja yako naikubali kwa moyo, nusu naikataa.

Ninayoikataa kwanza. Kama hakuna tena anayepima kampuni, hisa zote ndani ya S&P 500 zingekwenda pamoja. Februari 2022 Meta ilitoa hesabu zilizowaudhi wawekezaji, ikaanguka asilimia 26 kwa siku moja, zaidi ya dola bilioni 230 zikatoweka. Agosti 2024 Intel nayo ikaanguka asilimia 26 kwa siku moja baada ya hesabu zake. Mwaka huo huo Nvidia, iliyo kwenye fahirisi ile ile, bei yake ilizidi maradufu. Mifuko ilikuwa imezishika zote tatu na haikuuza yoyote kwa hasira. Kuna watu waliosoma hesabu zile usiku na wakatoa uamuzi asubuhi. Grossman na Stiglitz walilieleza hili mwaka 1980: wapimaji wakipungua, bei inaanza kukosea, na kukosea huko ndiko kunakowalipa wapimaji wachache waliobaki. Kwa hiyo hawaishi wote.

Ninayoikubali ni hii. Wapimaji wakipungua, wauzaji wanaojali bei wanapungua. Xavier Gabaix na Ralph Koijen wamekadiria kwamba dola moja inayoingia kwenye soko la hisa la Marekani kwa ujumla inaongeza thamani ya soko kwa takribani dola 5. Mara ya kwanza niliposoma namba hiyo sikuiamini. Nikaja kuielewa nilipojiuliza: pesa mpya ikija, nani atauza? Mifuko ya fahirisi haiuzi kwa sababu bei imekuwa ghali. Mifuko ya pensheni mingi ina kanuni ya kushikilia asilimia fulani ya hisa. Waanzilishi hawauzi. Anayebaki wa kusema "kwa bei hii mimi naachia" ni kikundi kidogo, na kumshawishi kunahitaji bei ipande sana.

Na hii inagusa hisa moja moja, ingawa pesa inagawanywa kwa uwiano. Dola mia ikiingia, kampuni yenye asilimia 7 inapata dola 7, na yenye asilimia 0.01 inapata senti moja. Kwa hesabu, kila kampuni imenunuliwa sehemu ile ile ya hisa zake. Lakini wauzaji hawajagawanywa kwa uwiano. Kwenye kampuni moja hisa huru zimeshikwa na wachambuzi wenye kalamu mkononi, bei ikizidi kidogo wanauza. Kwenye nyingine zimeshikwa na mashabiki wasiouza kwa lolote. Sehemu ile ile ya hisa ikinunuliwa, ya pili itapanda zaidi.

Hao Jiang, Dimitri Vayanos na Lu Zheng wanakwenda mbali zaidi: wanaonyesha pesa za mifuko ya fahirisi huzipandisha hasa kampuni kubwa kupindukia, zile ambazo tayari zina wapenzi wengi. Mtu anayeona zimekuwa ghali anatakiwa kuzikimbia au kuuza hisa za kuazima. Lakini kampuni hizo zikizidi kuwa kubwa, kucheza dhidi yake kunakuwa hatari zaidi, naye anaondoka uwanjani. Hapo ndipo wasiwasi wako una mizizi, Shahidi. Uko kwenye vigogo wachache kuliko kwenye soko zima.

---

Shahidi wa Bei

Nimekusoma. Hiyo ya vigogo naona ndiyo niliyokuwa naihisi bila kuwa na maneno yake.

---

Mwana wa Mizani

Kuna jambo moja hamjaligusa. Hisa ikishaingia, tabia yake inabadilika?

---

Jicho la Soko

Inabadilika. Barberis, Shleifer na Wurgler walionyesha mwaka 2005 kwamba hisa ikiingia S&P 500 inaanza kucheza pamoja na wenzake wa S&P kuliko zamani, na kufuatana kwake na hisa za nje ya fahirisi kunapungua. Biashara ya kampuni ni ile ile, ila sasa inanunuliwa na kuuzwa ndani ya furushi. Furushi likitupwa, nayo inatupwa.

---

Bahari Tulivu

Naomba swali la mwisho, ni la kwangu binafsi. Nina hisa za kampuni ambayo wachambuzi wanasema itapandishwa kuingia S&P 500 kwenye mabadiliko yajayo. Sitaki unipe amri, nataka kujua wewe ungetazama nini.

---

Jicho la Soko

Dada, ningetazama kwanza inatoka wapi. Kama iko MidCap 400 sasa hivi, nisingetegemea kupanda kwa maana, kwa sababu muuzaji wa lazima yupo. Kama iko nje kabisa, ningetafuta ni hisa ngapi zilizo huru na zimeshikwa na nani. Mwanzilishi mwenye nusu ya kampuni hahesabiwi, kanuni inamtoa.

Kisha ningeangalia bei imefanya nini tangu uvumi uanze. Ikiwa imeshapanda sana na kampuni haijatoa habari yoyote, basi wale waliotangulia wako ndani tayari, na wana siku moja akilini ya kutoka.

Na kama ulikuwa na mpango wa kuuza sehemu hata hivyo, kwa sababu zako mwenyewe, mnada wa kufunga wa siku ya kuingia ndio muda ambao wanunuzi wasiojali bei watakuwa wengi kuliko siku nyingine yoyote. Muulize dalali wako kama anapokea oda ya bei ya kufunga, na mwisho wa kuipeleka ni dakika ngapi kabla. Usingoje hadi jioni ile kumuuliza.

---

Karani wa Dawati

Naongeza moja kwa dada. Ukipeleka oda hiyo, angalia mara mbili kwamba umeandika kuuza. Nimewahi kuona mtu wa dawati la jirani ameandika kununua siku ya mabadiliko, na baada ya muda wa mwisho kupita huwezi tena kuifuta.

---

Bahari Tulivu

Nimeangalia sasa hivi. Iko MidCap 400 tangu mwaka juzi. Nitakaa nayo kwa sababu naipenda biashara yake, si kwa ajili ya tangazo.